"Nani Amefika Huko?": Kufundisha Jinsi Tunavyozijua Molekuli za Kaboni Zilizo Baina ya Nyota

Utangulizi

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi upande wa Temeke. Mwanachuo wetu alikuwa akiwafundisha watoto wa Darasa la Sita habari za jua, sayari na nyota. Alikuwa amejiandaa vema. Ubao wake ulikuwa safi, na michoro yake ilionekana hata nyuma kabisa ya darasa lenye watoto zaidi ya themanini. Kipindi kilipokaribia kwisha aliongeza jambo alilolisoma gazetini: kwamba baina ya nyota mna mawingu makubwa ya gesi na vumbi, na kwamba wanasayansi wamegundua humo molekuli za kaboni zilizoungana mfano wa mnyororo. Msichana mmoja alinyosha mkono, akasimama na kuuliza, "Mwalimu, nani amefika huko akaziona?" Darasa likacheka. Mwanachuo akajibu, "Wanasayansi ndivyo walivyosema. Kaa chini." Msichana akakaa.

Sisi tulikuwa tumeketi nyuma na fomu ya ukaguzi mapajani. Tuliandika kwamba mwalimu amelitawala darasa vizuri. Wiki mbili baadaye tuliporudi, mwanachuo mwenyewe alitueleza kwamba msichana yule, aliyezoea kuuliza, hakuwa amenyosha mkono tena tangu siku ile. Ndipo tulipoisoma upya fomu yetu na kutambua kwamba kosa halikuwa la mwanachuo peke yake. Laiti swali lile lingeelekezwa kwetu, nasi tusingekuwa na jibu lililo bora kuliko lake.

Makala haya ni jibu hilo, ingawa limechelewa. Shabaha yake ni mbili: kwanza, kumpatia mwalimu anayejifunza kazi maarifa ya kutosha kuhusu jambo lenyewe; pili, kumwonyesha namna ya kulifundisha kwa zana zinazopatikana katika shule yoyote ya Temeke au Kinondoni, ili mtoto aone ushahidi badala ya kuambiwa tu kwamba wakubwa wamesema.

I. Jibu la kweli la swali

Hakuna aliyefika. Yafaa mwalimu aseme hivyo wazi, bila haya. Chukua mfano wa wingu moja lililo katika buruji ya Thauri, yaani kundi la nyota la Ng'ombe. Watoto wa Mbagala na wa Bunju wanaweza kuonyeshwa mahali lilipo. Katikati ya mwezi wa Januari, yapata saa mbili usiku, mtu akitazama kaskazini ataiona Kilimia juu sana, kile kifungu cha nyota ambacho wazee wa pwani walikitazamia kuzama na kuzuka kwake ili wajue majira ya mvua na kilimo. Akinyosha mkono na kukunja ngumi, basi upande wa kulia wa Kilimia, kadiri ya ngumi moja na kidogo zaidi, ndipo lilipo wingu hilo. Kwa macho hataona chochote, kwa maana wingu ni jeusi na baridi mno, kiasi cha nyuzi 260 chini ya sifuri za Selsiasi.

Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja, nao hutumia takribani miaka 450 kutoka kwenye wingu hilo hadi kwetu. Mawimbi tunayoyapokea leo yaliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593. Hakuna chombo cha binadamu kilichowahi kukaribia mahali hapo. Hata hivyo twajua kwamba humo mna molekuli zenye atomu tatu, tano, saba na zaidi za kaboni zilizopangana mstari mmoja. Twajuaje?

II. Muuza kahawa hahitaji kufunguliwa mlango

Tuanze na jambo ambalo mtoto analijua tayari. Katika mitaa yetu, kuanzia Tandika hadi Mwananyamala, wachuuzi wengi hawaiti kwa mdomo. Muuza kahawa hugonganisha vikombe. Fundi wa nguo anayetembea na cherehani begani huchezesha mkasi. Mpiga rangi viatu hugonga kisanduku chake kwa brashi. Muuza karanga huchezesha sarafu mkononi. Mtoto aliye ndani, mlango umefungwa, husema bila kusita, "Mama, muuza kahawa anapita."

Amemjuaje ilhali hajamwona? Ni kwa sababu siku nyingine alikwisha kumwona, akasikia vikombe vyake kwa karibu, na akaweka moyoni kwamba mlio huu ni wa mtu huyu. Leo anaposikia mlio huo kwa mbali, anaulinganisha na ule anaoujua. Mgeni aliyefika jana kutoka mahali pasipo na desturi hiyo atausikia mlio uleule, na masikio yake ni mazima, lakini hatajua ni wa nani.

Hiyo ndiyo njia ya wanasayansi. Kuisikia anga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanyika hapa duniani, katika maabara, ambako molekuli hutengenezwa na mlio wake hupimwa kwa karibu. Bila nusu hiyo ya pili, mtaalamu mwenye darubini kubwa kuliko zote ni kama yule mgeni.

Angalia pia kwamba mlio mmoja waweza kudanganya. Kondakta wa daladala naye huchezesha sarafu. Anayetaka hakika hutafuta dalili zaidi ya moja.

III. Fimbo inayozunguka na ngazi yake

Kaboni si kitu kigeni kwa mtoto. Mkaa wa jikoni na masizi ya kibatari sehemu yake kubwa ni kaboni. Atomu zake zina tabia ya kushikana zenyewe kwa zenyewe, na mara nyingine hupangana mstari mmoja. Wataalamu huandika HC3N kwa maana ya hidrojeni moja, kaboni tatu na nitrojeni moja, zikifuatana kama shanga katika uzi ulionyoka. Iliyo ndefu zaidi ni HC5N, na inayofuata ni HC7N.

Molekuli ya namna hiyo ikiwa katika gesi huzunguka kama fimbo iliyoshikwa katikati. Lakini haizunguki kwa kasi yoyote ipendayo. Kasi zake zimepangwa kama vipandio vya ngazi. Huwezi kusimama baina ya kipandio na kipandio. Inaposhuka kutoka kipandio cha juu hadi cha chini yake, hutoa wimbi la redio lenye masafa maalumu. Ikipigwa na wimbi la masafa yaleyale, hulimeza na kupanda. Masafa hayo, ambayo tutayaita mistari, ndiyo mlio wa molekuli.

Kwa fimbo hizi mistari ina mpangilio rahisi ajabu. HC3N ina kipimo cha megahezi 9,098. Mstari wake wa kwanza uko 9,098, wa pili uko mara mbili ya hapo, yaani 18,196, wa tatu mara tatu, na kuendelea. HC5N, kwa kuwa ni ndefu na nzito zaidi, huzunguka taratibu, na kipimo chake ni kidogo: 2,663. Cha HC7N ni 1,128. Kila molekuli ina ngazi yake, na hakuna ngazi mbili zilizo sawasawa. Mtoto anayejua jedwali la kuzidisha anaweza kuzitambua.

Namba hizo tumezikadiria hadi megahezi nzima. Katika maabara hazikadiriwi hivyo. Mistari ya wingu la Thauri ni myembamba mno. Penye masafa ya megahezi elfu kumi, upana wake ni kama sehemu moja ya mia ya megahezi. Anayekosea megahezi moja atakuwa anasikiliza mahali pasipo na kitu.

IV. Jinsi kazi ilivyofanyika

Taarifa ya kuonekana kwa HC3N angani ilichapishwa mwaka 1971. Katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, wakemia Harold Kroto na David Walton walikuwa wakichunguza minyororo ya kaboni. Mwanafunzi wao Anthony Alexander aliitengeneza HC5N. Gesi ikatiwa katika mrija uliotolewa hewa, mawimbi mafupi ya redio yakapitishwa, na wao wakatazama ni masafa yapi yanayopungua upande wa pili kwa kumezwa na gesi. Hivyo wakaipata ngazi yake.

Kroto alishirikiana na Takeshi Oka na wataalamu wengine wa Kanada waliokuwa na darubini ya redio ya Algonquin, yenye kipenyo cha mita 46. Mwezi wa Novemba 1975 waliielekeza darubini kwenye wingu kubwa liitwalo Sagittarius B2, lililo katika buruji ya Kausi, wakatega masafa ya kipandio cha nne cha HC5N, karibu na megahezi 10,651. Mstari ulikuwapo. Mwaka 1977 Colin Kirby wa Sussex aliitengeneza HC7N, iliyo ngumu zaidi kuipata. Vipimo vyake vilipelekwa kwa simu hadi Kanada, ambako wenzake walikuwa tayari kwenye darubini, nao wakaiona katika wingu la Thauri.

Mnyororo mrefu zaidi, HC11N, unatufundisha uvumilivu. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba umeonekana katika wingu hilohilo. Mwaka 2016 watafiti wengine walitafuta kwa vipimo vyenye nguvu zaidi, hawakuuona mahali ulipodaiwa. Mwaka 2021, kwa kujumlisha ishara dhaifu za mistari mingi iliyojulikana kutoka maabara, ulipatikana kwa hakika zaidi. Mwalimu asiifiche habari kama hii kwa kuhofu kwamba watoto wataidharau sayansi. Kukubali kusahihishwa ndiko kunakoipa sayansi heshima yake.

V. Somo la mfano

Darasa: la Sita. Muda: vipindi viwili vya dakika 40.

Shabaha: Mwisho wa somo mwanafunzi aweze (a) kueleza jinsi kitu kisichoonekana kinavyoweza kutambuliwa kwa kulinganisha ishara zake na za kitu kinachojulikana, (b) kutumia vizidishio kutambua ngazi za molekuli tatu, (c) kusema "haijulikani bado" pale ushahidi unapopungua.

Zana: Makopo ya maziwa yenye vifuniko, yanayolingana ukubwa, punje za mahindi, mchele, maharage, mchanga na sarafu, khanga moja, kamba, fimbo fupi na fimbo ndefu.

Hatua ya kwanza (dakika 10). Mwalimu awaombe wanafunzi waigize milio ya wachuuzi wa mtaani kwao, na wenzao wataje mchuuzi. Kisha aulize: "Umejuaje bila kufungua mlango?" Asiwape jibu. Awaache walitafute wenyewe mpaka mmoja aseme kwamba alikwisha kumwona kabla.

Hatua ya pili: maabara (dakika 20). Kila kikundi kipewe makopo yaliyo wazi. Watie vijiko viwili vya kitu kimoja, wafunike, watikise, wasikilize, na waandike katika jedwali mlio wa kila kitu kwa maneno yao wenyewe. Jedwali hili ni mali ya kikundi, litunzwe. Kwa darasa kubwa, vikundi vibadilishane makopo.

Hatua ya tatu: anga (dakika 15). Khanga itundikwe kwenye kamba mbele ya darasa. Mwalimu akae nyuma yake atikise kopo moja baada ya jingine. Kila kikundi kiandike jina la kitu na sababu. Jina lisilo na sababu lisipewe alama. Kopo moja litiwe vitu viwili, mchele na sarafu, kwa maana katika mawingu ya angani molekuli nyingi husikika kwa pamoja.

Hatua ya nne: ngazi (dakika 20). Wanafunzi wawili wazungushe fimbo fupi na ndefu, waone ipi ni rahisi kuzungushwa upesi. Kisha mwalimu aandike ubaoni vipimo vitatu: 9,098, 2,663, 1,128. Chini yake aandike "mistari iliyosikika": 10,652, 18,196, 11,280, 13,315, 9,098, 10,152, 11,016, 13,770. Wanafunzi watafute kila mstari ni wa ngazi ipi. Kanuni ni hii: molekuli isitajwe mpaka vipandio vyake viwili vipatikane. Watagundua kwamba 10,652 ni mara nne ya 2,663, na 10,152 ni mara tisa ya 1,128. Mistari miwili ya mwisho haitaingia katika ngazi yoyote. Mwalimu asiharakishe kuwaokoa.

Hatua ya tano: kopo lisilo na jina (dakika 15). Nyuma ya khanga mwalimu atikise kopo lenye vifuniko vya soda, kitu ambacho hakikuwamo katika maabara yao. Wataotea. Mwalimu aulize sababu, hawatakuwa nayo. Hapo ndipo neno "haijulikani bado" liandikwe ubaoni.

VI. Hatua ya tano ilivyopatikana

Hatua hii hatukuibuni sisi. Mwanachuo wetu alipolifundisha somo hili mara ya kwanza, lilikuwa na hatua nne tu. Kabla ya kuanza aliwaambia watoto kwamba hapo awali aliulizwa swali zuri na hakulijibu, na kwamba leo darasa zima litalijibu. Hakumtaja aliyeuliza. Somo lilikwenda vizuri, khanga ikateremshwa, na wengi walikuwa wakikusanya makopo, ndipo msichana yule alipouliza kwa sauti ndogo, bila kusimama: "Mwalimu, na kama ni kitu ambacho hatujawahi kukitikisa?"

Swali hilo liliwashughulisha wataalamu kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka 1995 Kentarou Kawaguchi na wenzake, wakitumia darubini ya redio ya Nobeyama nchini Japani, walitangaza mistari waliyoiona katika gesi inayoizunguka nyota IRC+10216, katika buruji ya Asadi. Ilipangana kama ngazi safi yenye kipimo cha megahezi 2,754, lakini hakuna maabara iliyokuwa imewahi kuipima ngazi hiyo. Kwa kukosa jina waliiita B1377, kwa kuwa 1,377 ni nusu ya kipimo hicho. Mwaka 2006 Michael McCarthy, Patrick Thaddeus na wenzao nchini Marekani walipitisha umeme katika gesi yenye kaboni, wakapata mnyororo wa kaboni sita na hidrojeni moja wenye elektroni moja ya ziada. Walipoipima ngazi yake, ikalingana na ile ya Japani. Hiyo ikawa molekuli ya kwanza yenye chaji hasi kutambuliwa baina ya nyota, na waliiona pia katika wingu la Thauri. Mwenye kusoma ameshatambua kwamba mistari miwili iliyobaki ubaoni, 11,016 na 13,770, ni vipandio vya nne na vya tano vya ngazi hiyo.

Kwa hiyo siku ya pili mwalimu awaruhusu wanafunzi walete vitu vyao kutoka nyumbani, wavitie katika makopo, na wavilinganishe na kopo lisilo na jina mpaka mmoja apatie. Hakika watakumbuka siku hiyo.

VII. Tahadhari

Kwanza, mfano wa milio una mpaka wake. Sauti haisafiri mahali pasipo na hewa. Mwalimu aeleze bayana kwamba kinachotoka angani ni mawimbi ya redio, ndugu wa mwanga, wala si kelele.

Pili, wanafunzi wataulizia mawe yanayoanguka kutoka angani, na wengi wamesikia habari za kimondo cha Mbozi, ambacho kwa sehemu kubwa ni chuma. Kinachohusu kaboni zaidi ni kimondo cha Ivuna, kilichoanguka karibu na Ziwa Rukwa tarehe 16 Desemba 1938, kikiwa na uzito wa gramu 700 hivi. Mwaka 2001 wataalamu walitangaza kwamba wameikuta ndani yake glaisini, mojawapo ya viungo vya protini. Ni habari njema ya kuwasimulia watoto wa Tanzania. Lakini kimondo ni jiwe la ukoo wa jua letu. Si kipande cha wingu la Thauri. Tusivichanganye viwili hivi.

Tatu, tusiwakaririshe watoto HC3N na HC5N kwa ajili ya mtihani. Shabaha ni njia ya kujua. Majina watayakuta mbele ya safari.

Maswali ya majadiliano kwa wanachuo

1. Katika hatua ya nne, kwa nini tunadai vipandio viwili wala si kimoja? Toa mfano mwingine kutoka maisha ya mtaani.
2. Ikiwa shule haina makopo wala khanga, utalifundishaje somo hili?
3. Mwanafunzi anakuuliza jambo usilolijua mbele ya mkaguzi. Andika maneno utakayomjibu.

Hitimisho

Mwalimu mpya huogopa swali asilolijua, na hasa linapoulizwa huku mkaguzi ameketi nyuma. Twakiri kwamba fomu zetu za ukaguzi zimechangia hofu hiyo, kwani zina nafasi ya kuandika utulivu wa darasa, wala hazina nafasi ya kuandika maswali ya watoto. Tangu siku ile sisi huyaandika pembeni kwa penseli. "Nani amefika huko?" ndilo la kwanza katika orodha yetu. Kila mstari wa angani uliopata jina ulipata kwa sababu mtu hakutosheka kuambiwa, akaenda maabara kulinganisha. Mtoto anayeuliza swali hilo Temeke anastahili jibu hilohilo, na makopo matano yanatosha kuanzia.